Kovu Lililohama Shavu

Jumanne moja kovu la mpwa wangu lilihama. Alipoondoka nyumbani asubuhi lilikuwa kwenye shavu la kushoto. Ilipofika saa nne likawa kwenye shavu la kulia.

Sitanii.

Na mimi, fundi mzima wa kompyuta, nikadhani hilo ni tatizo la brauza.

Ngoja niwasimulie vizuri.

Nina kiduka cha kutengeneza kompyuta. Ni kazi inayokufanya uwachoke binadamu taratibu. Unafungua laptopu ya mtu anayenukia marashi, unakuta ndani makombo ya mkate, nywele na mende aliyekauka. Ukimuuliza, anakwambia imeanza kusumbua yenyewe tu.

Kwa hiyo nilishazoea kutowaamini wateja. Mteja akiniambia ameona kitu, mimi naangalia mashine.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ana binti wa miaka miwili na nusu tunayemwita Kibibi, kwa jinsi anavyopenda kuamrisha watu wazima. Kovu lake alilipata alipoangukia pedeli ya cherehani ya mama yake, chini kidogo ya jicho la kushoto.

Dada akiwa kazini, Kibibi alishinda kwenye kituo cha kulelea watoto, mitaa mitatu kutoka hapo.

Kituo kile kiliwapata wazazi kwa jambo moja. Kila siku saa nne waliweka picha ya kila mtoto kwenye ukurasa wao wa intaneti, na tarehe ya siku hiyo chini yake. Mtoto kavaa aproni ya bluu na kofia ya kituo, anakula au anacheka.

Dada aliihitaji ile picha kuliko chai ya asubuhi. Kibibi alikuwa ameanza kurudi nyumbani na kiu ya ajabu, anamaliza vikombe viwili vya maji akiwa bado amesimama mlangoni. Mapaja yake yalikuwa mekundu, yamechubuka.

Dada alitaka kumtoa pale. Lakini akifungua laptopu anamwona mwanawe anacheka, anaanza kujilaumu kwa kuwashuku watu bure.

Basi akanipigia simu. Akasema picha za kituo hazieleweki, zinafanana mno.

Nikamwambia ni kache. Brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, huwa inahifadhi picha za zamani ili isimalize bando, kwa hiyo inakuonyesha kiporo. Futa, fungua upya.

Akafuta. Wiki iliyofuata akapiga tena, picha bado zinafanana. Nikamwambia aapdeti brauza, aweke toleo jipya. Akaapdeti. Nikamwambia ajaribu brauza nyingine. Akajaribu.

Wiki tatu nilimzungusha hivyo, tena kwa sauti ile ya mafundi, ya kumwona mwenzako kama mtoto wa chekechea.

Ndipo ikafika Jumanne ya kovu.

"Mdogo wangu," akasema, "kovu la mwanangu liko upande mwingine. Usiniambie habari za kufuta. Njoo uone."

Nilienda nimenuna. Nikaketi kati ya vipande vya vitambaa, nikavuta laptopu yake. Nikafuta kila kinachofutika. Nikazima, nikawasha. Kovu bado lilikuwa kulia.

Nikafungua ukurasa uleule kwenye simu yangu, ambayo haikuwahi kuingia huko hata mara moja. Haikuwa na kache yoyote ya kusingizia.

Kovu kulia.

Hapo kiburi kikaanza kupungua. Nikaikuza ile picha. Nyuma ya Kibibi kulikuwa na saa ya ukutani, na namba zake zote zilikuwa zimegeuka kinyume, kama unazitazama kwenye kioo.

Brauza haikuwa na kosa. Ilikuwa inaonyesha sawasawa kile ilichopewa. Mtu alikuwa amechukua picha ya zamani, akaigeuza kushoto kulia, akaipa tarehe ya leo.

Nikafungua maandishi ya ndani ya ukurasa, yale yanayoiongoza brauza ionyeshe nini. Mtengenezaji alikuwa amejiachia kumbukumbu humo, kwa herufi kubwa:

ZIKIISHA ANZA UPYA, GEUZA.

Yale maneno yalikuwa yangu.

Miezi minne kabla, jamaa mmoja mwenye miwani alikuja dukani kwangu. Alisema ana duka la nguo za watoto. Alitaka ukurasa ambao kila siku unatoa picha moja kutoka ghalani na kuibandika tarehe ya leo, na picha zikiisha zianze upya zikiwa zimegeuzwa, ili wateja wadhani mzigo mpya umeingia.

Nilielewa kabisa kuwa ni ulaghai. Nilicheka, nikamwambia ana akili, nikamfanyia kazi siku mbili. Nilipoondoa picha zangu za majaribio na kumkabidhi, sikuwahi kuutazama tena ule ukurasa.

Nilifunga laptopu haraka. Dada akaniuliza nimeona nini.

"Twende tukamchukue mtoto," nikasema. Hayo mengine nikayameza.

Getini mwanamke wa usafi alitaka kutuzuia, akisema wazazi wanakuja saa kumi tu. Dada yangu alimpita kama hayupo.

Harufu ilitupokea kabla ya mlango. Mkojo wa jana na maziwa yaliyochacha. Ndani kulikuwa na watoto wapatao kumi na tano chini ya televisheni moja, mlezi hakuna. Sakafu inanata, kila hatua kiatu kinavutwa. Nzi wanatembea kwenye chupa za maziwa bila wasiwasi. Ukutani saa ileile, imesimama.

Aproni za bluu zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari, safi, zinasubiri saa kumi.

Kibibi alikuwa kona, kwenye kiti cha kulia chakula, amefungwa mkanda. Nepi yake ilikuwa nzito, imevuja hadi kwenye magoti. Hakulia alipotuona. Alitazama tu, na mtoto yule anajua kuamrisha.

Mimi nimeshika mende kwa vidole vyangu bila shida. Pale nilitoka nje nikatapika.

Niliporudi, dada alikuwa na mtoto mikononi, na mwenye kituo alikuwa ametokea chumba cha nyuma. Alikuwa na miwani. Alikuwa anamweleza dada kwa upole kwamba leo wamezidiwa kidogo, na kuhusu picha, hiyo ni hitilafu ya kawaida ya brauza, afute tu kache.

Kisha akaniona. Uso wake ukachangamka.

"Fundi, karibu," akasema. "Ule mfumo wako haujanisumbua hata siku moja."

Dada aligeuka akanitazama. Nilianza kueleza, maneno yakigongana, kwamba mimi niliambiwa ni duka la nguo.

"Na hao wanunuzi wa nguo," akasema taratibu, "wao ilikuwa halali kudanganywa?"



Kibibi alininyooshea mkono mmoja, akaniita mjomba kwa sauti kavu. Dada akambeba, wakatoka bila mimi.

Kituo kilifungwa wiki ileile, baada ya dada kuwapigia wazazi mmoja mmoja na kuongozana nao hadi ofisi za serikali. Aliwaambia wote ukurasa ulitengenezwa na nani. Hakuruka sehemu hiyo. Mtoto mmoja alilazwa kwa kupungukiwa maji mwilini. Mapaja ya mpwa wangu yamepona, hivyo ndivyo nilivyosikia.

Nasema nilivyosikia kwa sababu sijamwona. Dada aliweka sharti: niandike yote mahali watu watasoma, na nisijisafishe. Akiridhika, nitamwona Kibibi.

Nimeandika mara tatu. Ya kwanza nilisema sikujua, akanirudishia. Ya pili nilimtupia lawama zote yule mwenye miwani, akanirudishia bila hata neno.

Hii mnayosoma ni ya tatu.

Kwa mafundi wenzangu nina hili moja. Mama akikwambia picha ya mwanawe haiko sawa, iache kompyuta hapohapo. Nenda ukamwangalie mtoto.

Nimemtumia dada jana mchana. Ameshaisoma, lakini hajajibu.