Jani la Isale kwenye Barabara ya Malori

Rungu lilipita katikati ya jani. Nililiona lile jani la isale likikatika, nusu ikabaki mkononi mwa bwana mvua, nusu ikaanguka kwenye tope, na hapo ndipo niliposikia mlio wa kichwa chake. Rungu la pili lilivunja mkono wangu. Mpaka leo siwezi kubeba ndoo kwa mkono huu, lakini mkono si hoja. Hoja ni jani. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, nikaishia darasa la nne, na sikuwahi kuona mtu akipigwa huku ameshika isale. Tena aliyepiga ni shemeji yangu.

Nirudi nyuma kidogo ili mtu aelewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa mitumba, ruksa kuuza, ruksa kununua, mpaka msitu wa juu, ule unaolinda chemchemi ya mfereji wetu, nao ukapata mwenyewe. Mwenye mashine ya mbao alipanda kutoka mjini na kibali mkononi. Kibali alikitia sahihi afisa misitu wa wilaya. Mwenyekiti wetu wa kijiji akagonga muhuri, na haikupita muda nyumba yake ikang'aa bati jipya. Nawataja kwa vyeo vyao, maana vyeo ndivyo walivyotuumizia.

Bwana mvua tulimjua. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, kijana wa watu, amepanga chumba kule mjini, Sekei. Kopo lake la kupimia mvua lilikaa uani kwangu, pembeni ya migomba. Akija anakunywa maziwa, anasoma kopo, anakunja uso. Alinieleza kwamba joto linapanda dunia nzima, mvua zitazidi kuja vibaya, na mlima uliovuliwa miti hautaweza kuzishika. Nikamwambia basi awaambie wakubwa zake. Akasema ameandika mpaka wamemwonya aache.

Ndipo akaja siku moja na wenzake wawili, mama mtaalamu wa miti na mzee wa mambo ya udongo, wote wamevaa makoti meupe ya maabara. Wakakaa chini katikati ya barabara ya malori, pale msitu unapoanzia. Hawakuwa na fimbo wala jiwe. Walisema lori likitaka kupita, lipite juu yao. Sisi msomi tulizoea kumwona nyuma ya meza, siyo kwenye tope. Kina mama walipoona makoti meupe wakaja mbio na watoto mgongoni, wakapanga foleni ya kliniki.

"Daktari, mizani iko wapi?" mmoja akauliza.

Bwana mvua alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, leo mgonjwa ni mlima."

Walisonya, lakini hawakuondoka. Nao wakakaa.

Mwenyekiti akaja kututisha kwamba mgambo wako njiani. Yule mtaalamu wa miti akaniuliza, huku kwenu mtu akitaka asikilizwe asipigwe, anafanyaje? Nikaenda kukata masale kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba la migomba la ukoo, nikamgawia kila mtu jani lake. Kwetu jani hilo ndilo linalobeba ombi. Ukiletewa isale hukatai, hata kama anayeleta amekuumiza. Shemeji analijua hilo kuliko wote. Alipompa mdogo wangu mimba akakimbia, wazee wake walileta isale mlangoni kwetu. Baba alikuwa ameshika panga, na panga akaliweka chini. Basi nilipoona kwamba kamanda wa mgambo walioruka kutoka kwenye lori ni yeye, nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, tumepona.

Alikuja mpaka mbele yangu, akaniamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Ondoka hapo. Hilo jani ni la nyumbani. Hapa ni kazini."

Akainua rungu. Nyuma yake, ndani ya lori, afisa misitu alikuwa amekaa karibu na dereva, kioo amekipandisha.

Bwana mvua hakuamka tena. Wakubwa walisema alijikwaa kwenye kisiki. Wenzake wakafukuzwa kazi. Malori yakapita. Sasa kwenye mfereji wetu wanapita mbuzi, na lile kopo bado liko uani, buibui wamelifanya nyumba.

Juzi shemeji, mgonjwa na amekonda, ametuma wazee waniletee isale. Nimelikataa. Wananishangaa, wanasema nimevunja mila. Mimi ndiye niliyeivunja? Ilivunjwa mchana kweupe, watoto wanaangalia, na nusu yake ilizikwa kwenye tope lile.

Jani nimelirudisha na maneno yake. Shemeji alipeleke kwa yule aliyepandisha kioo, ambaye siku hizi amestaafu, anafuga ng'ombe wa maziwa Ngaramtoni kama mtu mwema. Yeye ndiye alishike, kwa mkono wake mwenyewe, aende nalo kwa mama aliyemzaa bwana mvua. Apige magoti pale, mbele ya watu, na ajibu: nani alisema wapigwe?