Mama Juliana na Kiti cha Pili

“Mia na kumi na nane! Nimesoma mara tatu, Mama Juliana, na mshale haujatikisika.”

“Soma ya nne.”

“Mia na kumi na nane.”

“Mwizi mkubwa wewe, Donatus! Miaka yote unaniibia pamba, leo umeona pamba haitoshi, unaniiba mwenyewe!”

Zipora aliyasema hayo akiwa hewani. Alikuwa ameketi ndani ya turubai la kupimia pamba, pembe nne zimekusanywa juu zikatiwa kwenye ndoano ya mizani, na mizani imefungwa kwenye boriti ya ghala. Kilichoonekana nje ni kichwa chake na mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa umepotelea humo ndani na hakuna aliyethubutu kuutafuta. Walimnyanyua wanaume sita. Wa saba alikimbia nyuma ya ghala kutazama kama ukuta bado upo. Ndoano ilipompokea, boriti ililia kama ng'ombe anayezaa ndama wa kwanza, na popo waliokuwa wakilala darini tangu msimu wa juzi walitoka wote kwa pamoja, wakahamia kanisani, na huko wako mpaka leo. Anayebisha aende Jumapili ainue macho.

“Basi mshusheni,” akasema Bujiku, mume wake, huku akijifuta jasho kwa kofia. “Mia na kumi na nane ni namba nzuri. Namba tamu. Tumpigie Cornel, yaishe.”

“Asiniguse mtu,” akasema Zipora. “Sishuki mpaka mizani hii iseme ukweli.”

Jambo lenyewe lilianzia Dar es Salaam. Binti yao Juliana alikuwa huko na mimba yake ya kwanza, daktari amemwambia alale kitandani asinyanyue hata kikombe, naye ameapa kwamba haingii chumba cha kuzalia bila mama yake kuwa mlangoni. Mkwe wao Cornel, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, ambaye mwaka huo mwamba ulimwonea huruma, akasema mama atapanda ndege kutoka Mwanza siku ya Jumapili. Basi halikufikiriwa kabisa. Mara ya mwisho Zipora aliposafiri kwa basi mpaka Dar, miguu ilivimba hivi kwamba alishuka Jumanne na viatu vyake vikamkubali tena Jumatatu iliyofuata.

Sasa wakatisha tiketi wakamwambia Cornel kwamba ndege ni ndogo, na abiria anayezidi kilo mia na ishirini hununuliwa viti viwili. Wapewe uzito wake kabla jua halijazama, tena kwa karatasi yenye muhuri.

Hapo Cornel alipata shida kuliko shida ya shimoni. Mkwe wa Kisukuma hamtazami mama mkwe wake usoni, akikutana naye njiani huchepuka, na chakula hali mbele yake. Atamuulizaje kilo? Akampigia simu Paskazia, dada yake Bujiku, maana shangazi huambiwa yasiyoambilika. Akauliza mvua. Akauliza ng'ombe. Akauliza pamba imefunguka vizuri. Akauliza kama mlango wa jikoni kwa mama bado ni ule ule au siku hizi umepanuliwa.

Paskazia, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa breki, akamwambia, “Cornel, unataka kujua mama mkwe wako ana kilo ngapi?”

Kwenye simu kikasikika kikohozi.

“Shangazi, mimi sijasema hivyo. Ndege ndiyo inauliza.”

Wakaanzia zahanati. Zipora alipanda kwenye mizani ya nesi, mshale ukakimbia, ukapita namba ya mwisho, ukazunguka ukarudi kwenye sifuri, na nesi, aliyefundishwa kuandika anachokiona, akaandika sifuri. Kwa muda wa dakika mbili nzima Zipora hakuwa na uzito wowote katika dunia hii. Ndipo ikabaki mizani moja tu kijijini ya kumweza, nayo ni hii ya ghala la pamba, ambayo yeye mwenyewe kwa misimu mitatu ameitukana mbele ya watu na nyuma ya watu. Ndiye aliyepeleka malalamiko kwa mwenyekiti. Jumamosi hiyo mkutano wa kijiji ungekaa kuamua mizani iondolewe au ibaki, na shahidi wa kwanza ni yeye.

Kwa hiyo Donatus, karani wa mizani, alipomwona Zipora anakuja mwenyewe kuomba apimwe, alitabasamu mpaka masikio yakasogea nyuma.

“Stakabadhi hii hapa,” alisema sasa, akiinyanyua karatasi ili Zipora aione kutoka huko juu. “Nimeandika, ‘Zipora, mke wa Bujiku, kilo mia na kumi na nane, kwa mizani iliyo sahihi.’ Muhuri tayari. Weka dole gumba, nipige picha, nimrushie mkwe wako. Kiti kimoja, safari njema, usalimie bahari.”

“Kwa mizani iliyo sahihi,” Zipora akarudia polepole, kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya wali.

“Ndivyo karatasi zinavyoandikwa, mama.”

“Za pamba hujawahi kuziandika hivyo.”

“Za pamba hazipandi ndege.”

Nje ya mlango wakulima walikuwa wamepanga mizigo yao foleni, na foleni ilikuwa imeacha kuwa foleni. Wote walikuwa wamejazana dirishani. Mzee Amosi, mwenye mzigo wa kwanza, akaingiza kichwa.

“Mama Juliana, nakuomba. Ukiweka dole hapo, Jumamosi atakuja na karatasi hiyo mkutanoni, sisi tumekwisha.”

“Amosi, shika mzigo wako!” Bujiku akamkemea. “Hapa tunazungumza habari za mtoto wangu anayejifungua. Mama Juliana, weka dole.”

“Baba Juliana. Juzi tu umesema mizani hii inakula pamba kuliko mbuzi.”

“Juzi sikuwa nimeiangalia vizuri.”

Paskazia akacheka, akajishika mbavu. “Kaka anamlilia yule mtamba wake wa kijivu. Cornel amesema kiti cha kwanza ni chake, cha pili ni cha ukweni. Na hapo ukweni kitu cha kuuzika haraka ni yule mtamba. Anamuogesha kila asubuhi, wifi, wewe humjui.”

“Simuogeshi! Namtoa kupe!”

“Kwa sabuni ya kunukia?”

Bujiku akavaa kofia, akaivua. Zipora akamtazama mumewe kutoka juu, jambo ambalo katika ndoa yao lilikuwa halijawahi kutokea, maana Bujiku ni mrefu hivi kwamba akipita shambani ndege humtulia begani wakidhani ni mti uliokauka.

“Kwanza niambieni,” Zipora akasema, “huo ulipaji wa viti viwili ni sheria ya wapi? Mnadani ng'ombe mnono mnamgombania, mwembamba mnamwambia mwenyewe arudi naye. Mimi nilipoolewa baba yangu alitoa sifa ya mwili wangu kwanza, ya tabia baadaye, na huyu hapa akatoa ng'ombe ishirini na wawili, na hakulalamika kwamba ameoa wake wawili.”

“Hilo ni kweli,” Amosi akasema dirishani. “Nilikuwepo.”

“Ndege ina kiti kimoja kwa mtu mmoja, mama,” akasema Donatus. “Ukimkalia jirani, naye amelipa.”

“Na huyu?” Zipora akautoa mkono kwenye turubai, akamnyooshea mumewe kidole. “Huyu ana magoti yanayofika kwa abiria wa mbele na kukoroma kunakofika kwa dereva. Ukimpandisha huyo, watu kumi hawapumziki. Alipishwe viti kumi? Wanapima nyama tu, usumbufu hawaupimi!”

Watu wakacheka mpaka dirisha likatikisika. Hata Donatus alicheka, ila alirudi upesi kwenye karatasi yake.

“Hayo utawaeleza wenye ndege. Mimi nina mizani tu. Jua linashuka. Dole.”

Akanyanyua kidau cha wino mpaka kwenye turubai. Na Zipora, kwa kuwa alikuwa anamwona Juliana amelala kitandani macho yako mlangoni, alichovya dole gumba. Dole likabaki hewani, jeusi, linadondosha.

“Donatus,” akasema, “hospitali Mwanza, miezi miwili iliyopita, kwa ajili ya magoti, walinipima nini? Wifi, uliisoma wewe ile kadi.”

“Mia na ishirini na sita,” akasema Paskazia.

“Mia na ishirini na sita. Kilo nane ziko wapi?”

“Umepungua,” akasema Donatus.

“Umepungua,” akasema Bujiku upesi.

Lo! Afadhali Bujiku angesema mtamba amekufa. Wanawake waliokuwa dirishani wakavuta pumzi kwa pamoja.

“Mayo wane!” Paskazia akajipiga paja. “Kaka! Unasimama mbele ya kijiji kizima, msimu wa mavuno, ghala la mtama limejaa, unatangaza kwamba mkeo anakonda mikononi mwako? Wakwe zako wakisikia watakuja na fimbo kuuliza anakula nini!”

“Sikusema anakonda. Nimesema amepu… amejikaza kidogo.”

“Baba Juliana.” Sauti ya Zipora ilikuwa ya upole, na waliomjua walisogea nyuma. “Asubuhi hii nimekula nini?”

“Ugali.”

“Na?”

“Na ugali mwingine.”

“Na jana michembe ya viazi sufuria nzima, na maziwa. Mtu wa namna hiyo anapungulia wapi? Mimi sijapungua hata kucha. Kilo nane zangu zimeliwa na mizani hii nikiwa hai, ninaona, ninapiga kelele. Sasa pamba ya Amosi, ambayo haina mdomo, imeliwa kilo ngapi?”

Amosi akaanza kuhesabu kwa vidole, vikaisha, akaomba vya jirani.

Donatus akaona mambo yanamponyoka. Akasogea karibu na turubai, akapunguza sauti, ingawa watu wa dirishani walisogeza masikio kwa kipimo kile kile.

“Mama, fikiria vizuri. Ukisema mizani ni sahihi, unapanda ndege kwa kiti kimoja, heshima yako imetulia. Ukisema ni mwizi, wewe ni kilo mia na ishirini na sita kwa mdomo wako mwenyewe, na uwanja mzima wa ndege utajua kwamba pale anakuja mtu wa viti viwili. Watakutazama. Utaweza?”

Hapo ndipo alipomgusa. Zipora hakuwa mtu wa kuogopa macho ya kwao Kishapu. Kishapu wakimtazama humsifu. Lakini aliwahi kuyaona macho ya mjini, siku ile alipoingia kwenye duka moja la nguo Mwanza na binti wa dukani akamwambia bila kunyanyuka, “Hatuna,” kabla hajauliza kitu. Alirudi nyumbani siku hiyo hakumsimulia mtu. Sasa alijiona anaingia ndani ya ndege, kiti kimoja kina mtu, cha pembeni kina nusu yake, na watu wanajifanya wanatazama mawingu. Dole likashuka kidogo kuelekea kwenye karatasi. Bujiku akafumba macho, akashukuru.

Zipora akawatazama wale wa dirishani. Wengine walikuwa wameacha kucheka. Melania, mjane wa upande wa mtoni, alikuwa ameketi mlangoni na mzigo wake mmoja tu wa msimu mzima, ameukumbatia kama vile mizani ingeweza kuja yenyewe kuuchukua.

“Donatus,” akasema, “sogea. Siifikii karatasi.”

Donatus akasogea, kifua mbele, shati lake jeupe limepigwa pasi. Zipora akanyoosha mkono, akaipita ile karatasi, akaweka dole gumba katikati ya kifua cha shati, akalizungusha vizuri ili lishike.

“Mama! Shati la kazi!”

“Hilo ndilo dole langu. Jumamosi njoo nalo mkutanoni, ulivae.” Kisha akavuta pumzi, na turubai likajaa, na boriti ikalia upya. “Baba Juliana, mtamba auzwe. Wifi, mpigie Cornel. Mwambie mama ni kilo mia na ishirini na sita, na akitaka karatasi, ile kadi ya hospitali ina muhuri mkubwa kuliko wa huyu. Viti viwili. Kimoja changu, na cha pili ni changu pia, nimelipia, na waniletee chai mbili. Atakayenitazama nitamtazama. Nitakaa katikati kabisa, mkono huku, mkono huku, kama mke wa mtemi.”

Dirishani vigelegele vikalipuka. Amosi akarusha kofia, ikatua juu ya boriti, ikabaki huko. Bujiku alikuwa ameketi juu ya mzigo wa mtu, anamtaja mtamba kwa jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

“Simu yake haipatikani!” Paskazia akapaza sauti katikati ya kelele. “Napiga tena. Wifi, na mzigo je? Niseme utabeba nini?”

“Mwambie michembe gunia zima! Mwambie mkwe wangu asione haya, mimi ni mnene tangu yeye hajazaliwa, aseme kwa sauti huko kwa wenye ndege! Aje hata hapa, nitamwambia mwenyewe, mia na ishirini na…”

Kwenye mlango wa ghala alikuwa amesimama Cornel, vumbi jekundu la njia yote ya Geita limemjaa kichwani, funguo za gari mkononi. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa kuwa jambo lile halikusemeka kwenye simu. Alinyanyua macho mara moja tu, akaona turubai, akaona mguu, akaona kichwa cha mama mkwe wake kinaning'inia hewani bila kilemba. Akageuka upesi, akachuchumaa, akauelekezea ukuta uso wake.

“Shikamoo, mama,” aliuambia ukuta.