Samli Kwenye Kamera ya Elpidius

Mzee Elpidius amepiga picha za kipaimara parokiani kwetu Mabira tangu watoto wangu hawajazaliwa. Mwaka jana akina mama walimpita pale mlangoni pa kanisa, wakaenda kwa kijana mwenye kamera inayong'aa. Nilikuwepo, niliwaona, na wengine nimewanunia mpaka leo.

Kamera yake ilikuwa imechakaa kweli. Pale kidole gumba kinapokaa, rangi nyeusi ilikwisha toka na chuma kimebaki kitupu. "Kamera yenye ukurutu hivi," aliniambia, "nani atanipa mwanawe nimpige picha?" Akaapa mbele ya mkewe Ankunda kwamba mwaka huu wakimpita tena, ataipeleka Murongo mpakani akaiuze, na hatashika nyingine. Ankunda aliinuka akaingia ndani.

Basi mzee akaanza kuitengeneza. Alifunika lenzi na vitufe kwa karatasi ya gundi, akasugua michubuko kwa msasa laini, kisha akachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi na kugusa, kugusa, huku amebana pumzi. Ilikauka ikapendeza. Siku chache tu ikabanduka. Akapaka tena, ikabanduka tena. Alimlaumu muuza rangi, akailaumu mikono yake inayotetemeka tangu alipougua, mwisho akailaumu mvua. Hapo nilimwonea huruma, maana mtu akifika kulaumu mvua ameishiwa.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo kipaimara, aliondoka kwenda kununua rangi nyingine. Mimi nilikuwa uani kwao, nachambua maharage na Ankunda. Mumewe alipotoweka tu machoni, Ankunda akaitoa kamera, akachota samli kwa kidole na kuipaka taratibu, pembe kwa pembe, huku akiiimbia kwa sauti ya chini.

Ankunda katoka kwa wafugaji. Kwao chombo cha mti cha maziwa hupakwa samli kisikauke kikapasuka, na msichana asiyejua hilo humtia mama yake aibu. Nikawaza, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kabla sijafungua kinywa, Elpidius alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa amesahau pochi.

Hasira za mzee yule nazijua. Nikasogeza ungo wangu pembeni.

"Mama Placida," alimwambia mkewe, "tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa Nyakahanga." Hakuinua uso. "Nilisema ukirudi usiikute imekauka kama kitu cha marehemu. Nikaizoea."

Elpidius akakaa chini, hapo hapo kwenye maganda ya maharage, na suruali yake ya kutokea. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Rangi haishiki penye mafuta, mke wangu."

Ankunda akajifunika uso kwa khanga. "Basi ni mimi niliyekuharibia kazi."

"Hukuniharibia." Akaufungua mkanda wa kamera, wa ngozi ya ng'ombe, akamwekea mapajani. "Ngozi inataka samli. Huu ni wako."

Akaisafisha kamera kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka bila mafuta, ndipo akapaka rangi ile ile ya mwanzo. Mimi machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la maharage.

Asubuhi rangi ilikuwa imeshika. Elpidius alisimama mlangoni pa kanisa na shati jeupe lililopigwa pasi, na wa kwanza kumfuata alikuwa Evaresta, mmoja wa wale niliowanunia, kamshika mwanawe mkono. Nikamsamehe papo hapo. Nyuma yake wakaja wengine. Mzee alipoinama kumpanga mtoto, nikaona kola ya shati lake ina mstari wa njano kuizunguka shingo nzima. Mkanda ulikuwa umelowa samli.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza afute kabla watu hawajaona.

"Nimeuona tangu nyumbani," akasema. "Uache."