Mtaro wa Kina cha Kiuno

Mkandarasi alikuja nyumbani kwa baba mkwe wangu Jumatatu baada ya chakula cha mchana, na mimi ndiye niliyemwekea chai. Laiti ningejua alichofuata, ningemwambia mzee ameenda sokoni Ruiri.

Baba mkwe ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji, na mimi ni katibu. Watu huucheka mpangilio huo, maana mkaza mwana wa Kimeru habishani na baba wa mumewe, na katibu asiyebishana na mwenyekiti ana kazi gani? Basi mikutanoni nilibishana naye bila huruma. Nikivuka lango la boma lake, nilifunga mdomo.

Pesa za mradi zilitoka kwa mfadhili wa ng'ambo zikapitia shirika moja la kijamii lenye ofisi Meru mjini. Shirika lilitia sharti: mkandarasi hapati malipo ya mwisho mpaka sisi wenyewe, katika mkutano wa wazi, tukubali kwamba kazi ni ile tuliyoelewana, kisha mwenyekiti atie sahihi. Nililipenda sharti hilo kuliko paipu zenyewe. Nimeona miradi mingi huku ikifunguliwa kwa ngoma na keki, ikafa kabla kibao chake hakijapauka rangi.

Tulichoelewana ni mtaro wa kina cha kiuno, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kioski cha maji karibu na shule. Njia hiyo hukata mashamba ya watu na mapito ya ng'ombe. Paipu isipozikwa chini kabisa, plau ya kwanza itaikata, na sisi turudi mtoni na mitungi yetu.

Na haikuzikwa chini. Siku chache kabla ya mkandarasi kuja, nilikuwa nikitoka mtoni nikaiona pale ng'ombe wanapopita. Kwato zilikuwa zimefukua udongo, na mgongo wake mweusi ulikuwa nje. Niliisukuma kwa kidole cha mguu, ikatikisika.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilimmiminia chai mtu niliyemjua ni mwizi. Alikuwa mtu wa Maua, mpole, mwenye sauti ya chini. Mzee alimuuliza habari za nyumbani, naye akatoa simu akamwonyesha picha ya watoto wake watatu, wadogo bado, na mzee akawatazama kwa muda mrefu akitabasamu. Bahasha hakuleta. Angeleta bahasha ningefurahi, maana mzee angemtoa kwa bakora. Alishika kikombe kwa mikono miwili akasema, "Mzee, ukoo wangu na wako ni gichiaro. Naomba hiyo sign Ijumaa kwa mkutano. Ni hiyo tu."

Gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya koo mbili, walioapa mababu na sisi tukaurithi. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, laana inaingia kwako na kwa watoto wako. Sisi ni Wakristo, kanisani tunakwenda kila Jumapili, lakini sijamwona bado aliyeijaribu laana hiyo ili tujue kama ni kweli.

Mzee aliweka kikombe chake chini bila kukimaliza. Kisha akasema, "Siwezi kataa."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi. Nikampigia afisa wa shirika, mama mmoja wa Kanja, kule Embu, nikamweleza. Aliniambia hesabu za mfadhili zinafungwa. Kazi isipokubaliwa Ijumaa, pesa zinarudi zilikotoka. Nikamuuliza, na ikikubaliwa hivyo ilivyo? Akasema basi tutakuwa tumeikubali, na kwamba shirika haliwezi kutuamulia. Alisema kweli, nami nikamchukia kwa hiyo kweli yake. Tukikataa, hatuna maji. Tukikubali, hatuna maji pia, ila tutapigwa picha.

Ijumaa nilikwenda mkutanoni, kwenye ua wa tangi, na jembe begani; yule mama wa Kanja naye alikuwa amekuja. Mume wangu alikuwa amenisihi niliache. Nilikusudia kuwapeleka watu wote kwenye mapito ya ng'ombe, nifukue mbele ya macho yao, na nilijua vizuri ninamvua nguo nani. Si mkandarasi tu. Nilikuwa namwaibisha baba wa mume wangu, na baada ya hapo sikujua kama ningekaribishwa tena kwenye boma lile.

Nilipoinua mkono, mzee alikuwa ameshasimama.

"Huyu ni gichiaro yangu," alisema. "Ameniomba sign. Nitamupatia."

Watu waliguna. Mama mmoja nyuma alisonya waziwazi. Nikaukaza mkono kwenye mpini.

"Lakini gichiaro hainyimani," mzee akaendelea, "na haidanganyani. Wewe, niambie mbele ya hawa watu. Hiyo paipu umezika chini aje?"

Nusu hiyo ya kiapo sikuwa nimeifikiria hata mara moja. Mkandarasi alitazama tangi, akatazama viatu vyake. Akaanza habari ya mawe ya huko bondeni. Mzee akamkatiza akasema ameuliza paipu, hakuuliza mawe. Mkono wa mzee ulitetemeka juu ya bakora, nikadhani ni uzee.

"Huku juu ni kiuno," mkandarasi alisema mwishowe. "Kutoka kanisa kushuka ni goti. Kwa njia ya ng'ombe haifiki goti."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Asante. Sasa ni mimi naomba. Chimba tena. Nikiona kiuno, nasign."

Mkandarasi akavua kofia. Na yeye hakuweza kukataa.

Yule mama wa Kanja alizunguka kando ya ua na simu sikioni, akiwabembeleza wakubwa wake, akarudi na jibu: Jumatatu asubuhi, basi. Tulichimba Jumamosi kutwa. Jumapili mchungaji alifupisha mahubiri ili tukachimbe, jambo ambalo sijaliona kabla wala baadaye. Mkandarasi alishuka mtaroni yeye mwenyewe na vibarua wake, nasi tukashuka na majembe yetu, langu likiwamo. Jumatatu mzee aliingia mtaroni kupima kwa kiuno chake. Vijana walilalamika kwamba mzee ni mfupi, mkandarasi amependelewa. Mzee akatia sahihi.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, na kabla hatujavuka lango nikamwambia, "Baba, ulimshika vizuri."

Alisimama.

"Sikutaka kumshika. Hiyo swali nilikuwa naiogopa tangu ile Jumatatu alikuja. Angedanganya, hiyo kitu ingeenda kwa watoto wake. Wale uliona kwa simu. Ningewaua mimi, juu ya paipu."

Alinyoosha mkono kutafuta komeo la lango, ukatetemeka vilevile kama siku ya mkutano, likamshinda. Nikaweka jembe chini, nikamfungulia.