Ritani Iliyokataliwa ya Akina Mama wa Hombolo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na meza. Ofisi ya kodi hapa Dodoma wakati ule ilijaa mafaili hadi kwenye vizingiti vya madirisha, na Mkuu wa Kitengo cha Ritani, mzee mrefu wa kaunda suti ya kijivu, aliniweka kando yake nitazame anavyopokea watu. Ritani ni taarifa anayoijaza mlipakodi mwenyewe kueleza ameuza nini, ametumia nini na kodi yake ni kiasi gani. Mwenye duka mmoja wa Chang'ombe alileta yake, jumla zikawa hazikubaliani, mzee akamwonyesha mstari wenye kasoro na kumrudishia.

"Umeona nilivyomweleza?" aliniuliza baadaye.

"Nimeona, mzee."

"Ndivyo ufanye na wewe. Mtu akiondoka hajui amekosea wapi, kesho ataileta vilevile, na atakuwa amekasirika."

Nilihamishiwa Kondoa, kisha Manyoni, ambako Ofisa Mfawidhi alinifundisha kusoma hesabu za wakamuaji wa alizeti mpaka nikaweza kujua msimu ulikuwa mzuri au mbaya kwa kutazama ankara za magunia tu. Niliporudi Dodoma, ritani zilikuwa zimehamia kwenye mtandao. Watumishi wa umri wangu wengi waliomba kupelekwa masjala. Mimi nilikaa kiti cha mbele kwenye mafunzo, nikawauliza vijana kila nilichokuwa sikijui, na baada ya muda nikakabidhiwa dawati la kuwasaidia walipakodi. Nasema bila haya kwamba watu walikuwa wanalipita dirisha lililo wazi ili wangoje langu.

Asubuhi moja alikuja Mama Sechelela, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua juisi ya zabibu kule Hombolo. Kiswahili alikiongea kwa uangalifu, akichagua maneno. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na mabega yake yakashuka kidogo. Alikuwa anaomba zabuni ya kupeleka juisi kwenye kumbi za mikutano mjini, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake. Bila cheti cha kutodaiwa kodi ombi lao lisingepokelewa, na cheti hakitoki wakati ritani imekataliwa.

"Tumeituma tena na tena," alisema. "Inakataa. Kijana wa steshenari anasema tuandike mauzo sifuri, itapita."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitauliza kwanza. Tumeuza, mama. Watu wametuona tukiuza."

Nilifungua mfumo. Sababu ya kukataliwa ilikuwa imeandikwa pale, ila hakuna aliyewafungulia waisome: mauzo waliyojaza yalikuwa madogo kuliko risiti zao. Nilimuuliza kuhusu mashine ya risiti, akasema ya kwanza iliharibika katikati ya mwaka wakanunua nyingine. Kijana wa steshenari alikuwa amechukua ripoti ya mashine mpya peke yake. Tena kila walipokataliwa alianza ritani mpya, na mfumo ukaikataa kwa kuwa ya kipindi hicho ilikuwa tayari imo. Alitakiwa kuifungua ileile iliyokataliwa, aisahihishe, aitume tena.

Kazi yenyewe ilihitaji utulivu, na foleni nyuma yake ilifika mlangoni. Meneja wa Mkoa alikuwa anapita. Nikamweleza.

"Mpeleke kwa mshauri wa kodi," alisema.

"Mshauri atampangia siku, meneja. Wao mwisho ni kesho. Naomba nikae naye."

"Na hawa watu?"

Aliangalia foleni, akamwangalia Mama Sechelela, halafu akavua koti, akalitundika kwenye kiti changu na kukaa dirishani. "Anayefuata," akasema.

Tulihamia kompyuta ya pembeni. Sheria hainiruhusu kumjazia mlipakodi ritani, kwa hiyo alibonyeza mwenyewe, mimi nikimwelekeza. Tulijumlisha mauzo ya mashine zote mbili, tukaongeza gharama za chupa na usafiri za miezi iliyoachwa, tukaambatisha ripoti. Kodi ilipanda. Nilimwonyesha kabla hajatuma, maana ilikuwa haki yake kujua.

Aliufuata mstari wa kodi kwa kidole. Kisha akasema, "Ndiyo tuliyouza. Tutalipa."

Mfumo ukataka namba ya uthibitisho, ile inayotumwa kwenye simu. Simu iliyosajiliwa ilikuwa ya katibu wao wa zamani, aliyeolewa Mpwapwa. Tukampigia, haikupokelewa. Tukapiga tena. Akapokea mwenyewe, yuko shambani, upepo ukivuma kwenye simu, na namba ya kwanza aliyoisoma ilikuwa imekwisha muda. Tukaomba nyingine. Safari hii Mama Sechelela aliiandika tarakimu moja moja huku akiitamka kwa Kigogo, akabonyeza kutuma.

Neno "Imepokelewa" likatokea. Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Mchana ule walilipa, cheti kikatoka kabla ofisi haijafungwa, na zabuni wakaipata. Namba ya simu tuliibadilisha siku hiyohiyo. Meneja alirudi kwake jioni akilalamika mgongo. Mwezi uliofuata aliagiza kila dawati liwe na kompyuta ya pembeni kwa ajili ya ritani zilizokataliwa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha maofisa wa mikoa jirani namna ya kuitumia.

Sasa nimestaafu, niko Mkonze, nina vyumba vichache vya kupangisha. Mwaka jana ritani yangu mwenyewe ilikataliwa, kipindi nilikichagua vibaya. Wajukuu walicheka sana. Niliifungua, nikaisahihisha, nikaituma, nikaendelea na chai yangu.

Ninyi mnaoingia kazini leo mtakuta mifumo mingine ambayo mimi sitaijua. Jifunzeni hiyo vizuri, maana upande wa pili wa dirisha kuna mtu aliyeamka alfajiri kuja kwenu. Niliipenda kazi ile. Wakiniita kesho nirudi, nitauliza tu ni dirisha namba ngapi.