Mkwe Aliyeitwa Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, katika miaka ya hamsini, niliposimama mlimani kando ya bwawa tupu, jani la kusugulia likiwa mkononi mwangu na mzee mgonjwa akiwa upande wa pili wa ukuta wa matete, huku neno moja dogo likinikwama kooni. Keti vizuri uandike. Usiinamishe shingo kama kuku anayesinzia. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini maneno yangu yana mpangilio wake, nawe uyaandike kama yanavyotoka.

Wewe uliyekulia Ilomba unafungua bomba na maji yanakuja bila salamu. Sisi tulikuwa na adabu nayo. Juu ya Uyole, ndani ya milima ya Poroto, babu yako na mimi tulikuwa na nyumba ya kuogea. Kuta zake zilikuwa za matete, mirija yake ya mianzi, na mabwawa yake mawili, la wanaume na la wanawake, yalijengwa kwa mawe. Maji ya moto yalitoka tumboni mwa mlima, lakini hayakutoka ovyo. Mlima ule ulikuwa unasikia. Uliyaachia pale tu yalipoitwa kwa jina lake na mtu aliyejua kuita; nayo yalikaa mabwawani mpaka jua liliposhuka, kisha yakarudi yalikotoka. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo.

Kazi tuliigawana. Babu yako ndiye aliyeita. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe, akavua kofia, akausalimia mlima kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba, kisha akaita kwa Kinyakyusa: “Amisi.” Maana kwetu maji ni amisi. Mlima ukaguna, mianzi ikatetemeka, na maji yakaja yakitoa mvuke. Kuanzia hapo kazi ilikuwa yangu. Nilichanganya na maji ya kijito, nikapima kwa kiwiko, nikatia majani ya kulegeza mifupa, nikaamua nani aingie na nani kwanza akanawe miguu nje. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauogeshi wageni.

Na wageni walikuwepo. Walipanda akina mama wa sokoni Uyole wakiwa na tope mpaka magotini, wakashuka wakinukia majani na kusengenyana kwa furaha. Walipanda wavunaji wa pareto. Walipanda madereva wa malori ya Iringa, wakitetemeka na kuilaani baridi yetu kana kwamba kwao Mufindi hakuna ukungu. Dereva mmoja Mhehe, mtu wa mizaha, alipochungulia mvuke kwa mara ya kwanza aliniuliza, “Shemeji, hapa tunaoga au tunapikwa?” Nikamjibu kwamba wembamba hatuwapiki, hawana mchuzi. Alikuja tena kila safari, akaimba bwawani mpaka ndege wakahama.

Utaniuliza kwa nini mimi sikuita. Sikuita kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa na jina hilo hilo. Alizaliwa wakati wa mvua kubwa, baba yake akamwita Amisi. Na katika mila yetu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia vichakani. Hali naye, hasemi naye, jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Tulikuwa Wakristo, ndoa yetu ilifungwa kanisani, lakini adabu ya mkwe tuliibeba kwapa moja na Biblia kwapa la pili. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi sikulelewa kuwa mtumwa.

Basi fikiri, mwanangu: mwenye nyumba ya kuogea asiyeweza kutamka neno maji. Nilisema “kile kinachotiririka”, nilisema “cha kunywa ng'ombe”. Wageni walinicheka. Ni yule dereva Mhehe aliyeniokoa, aliponiambia kwamba kwa Kiswahili kitu hicho huitwa maji. Nililipenda neno lile kama mtu anavyopenda kiatu kisichombana. Kiswahili changu chote unachokisikia leo kilianzia hapo. Wengine walikipata shuleni, mimi nilikipata kwa sababu ya mkwe.

Sasa, yule mkwe alikuwa anaugua magoti. Kila kipupwe yalikaza kama kamba iliyonyeshewa, naye akashinda mekoni akiota moto pamoja na paka. Watu wa mbali waliogeshwa na kupona kwetu, lakini baba wa mwenye nyumba hakuwahi kutia mguu bwawani. Wala si kwa chuki. Mimi na babu yako tulikuwa tumekubaliana kwamba siku nitakayokwenda kwa wazazi wangu ndipo aitwe, ili asije akakutana nami. Lakini kila nilipotaka kwenda, wageni walijaa. Tukasema mwezi ujao. Kipupwe kikapita, cha pili kikafika. Tulijiona wenye heshima sana.

Asubuhi ninayokuambia, babu yako alikuwa safarini. Mirija ilipasuka, naye alishikilia kwamba mianzi ya kwetu ni laini na kwamba mianzi ya kweli inapatikana kule Nyololo tu. Alidandia lori akaenda. Alipokuwa hayupo tulifunga mlango, kwa kuwa hapakuwa na wa kuita. Mimi nilikuwa nikisugua mabwawa makavu, mara nikasikia sauti ya mama mkwe ikipanda mlima, ikitangaza njia nzima, “Mkamwana, jifiche. Mkamwana, mzee wako anakuja. Ukisikia jifiche.” Nikakimbilia upande wa wanawake, nyuma ya matete.

Nilisikia fimbo, nikasikia mguu ukiburuzwa, fimbo tena, mguu tena. Alipumua kama aliyebeba gunia la viazi. Mama mkwe akamkalisha kwenye kigoda ukingoni mwa bwawa, kisha akaja kwangu.

“Mwanangu yuko wapi?”

“Amekwenda Nyololo kutafuta mianzi, mama.”

“Anarudi lini?”

“Lori likipenda.”

Mama mkwe akaketi chini palepale. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku kucha mzee alikuwa akilia kwa maumivu, yeye ambaye hajawahi kulia. Kwamba wametoka nyumbani nyota zikiwa bado angani. Na kwamba magoti yale hayatapanda mlima huu mara ya pili. Kama atashuka bila kuoga, atashuka kwenda kulala, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Nilielewa. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana ya kulala huko.

Mzee akajaribu kuita mwenyewe. Akasema “Amisi” kwa sauti nzito, na mlima ukanyamaza. Ulidhani anajitambulisha. Ulimngoja kama mwenyeji anavyomngoja mgeni aliyekwisha taja jina lake, aseme sasa ana shida gani. Akarudia. Mlima ukazidi kungoja, kwa adabu kabisa.

Nikamtazama mama mkwe. Akatikisa kichwa. Naye ni mke. Jina la mumewe hakuwahi kulitamka. “Nimezaa naye watoto wote bila jina hilo,” akasema, “sitaanza leo mbele ya shimo la mawe.”

Basi nikaanza mimi, kwa kuzunguka. Niliita kile kinachotiririka, mlima haukujibu. Niliita cha kunywa ng'ombe, ukatoa mvuke kidogo, kama mtu anayekohoa kukuonyesha kwamba amekusikia ila hujamwita yeye. Nikakumbuka kiatu changu kisichobana. Nikasimama wima, nikaita kwa Kiswahili, “Maji, njoo.” Mlima ukafikiri. Nadhani ulikuwa umekisikia Kiswahili kwa madereva tu, tena nusu nusu, maana baada ya kufikiri sana ulitoa kiasi cha kikombe kimoja, vuguvugu, kikadondoka bwawani tone kwa tone.

Hapo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Baba mkwe wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akagonga fimbo chini, na kicheko kikaisha, akaanza kusema na kigoda alichokikalia. Kwani kusema nami hakuruhusiwa.

“Wewe kigoda, nisaidie. Nyuma ya matete kuna mtu ambaye simwoni wala hayupo. Mwambie kwamba vipupwe viwili yeye na mwanangu wameniheshimu mpaka nimekaribia kuzikwa kwa heshima. Mwambie adabu aliyonayo ni njema, aliyemlea alimlea. Lakini heshima hii ni ya nani? Si yangu? Mbona basi hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza naitaka kwa namna gani?”

Mwanangu, nilipigwa fimbo nikiwa mtoto, lakini hakuna fimbo iliyoniingia kama maneno yale yaliyoambiwa kigoda.

Akaendelea, “Jina hili alinipa baba yangu ili watu wanipate ninapohitajiwa. Hakunipa ili liwazuie watu wasinioshe. Nimelibeba, nami ndiye wa kulitua. Mke wangu ni shahidi. Kuanzia sasa mimi si Amisi. Niiteni Mvuke.”

Nikamshika mama mkwe mkono haraka, nikamnong'oneza. Naye akapaza sauti, “Mvuke hapana, baba. Hapa mvuke unatajwa kutwa.”

“Basi Jiwe.”

“Wanasugulia visigino kwa mawe.”

“Jani.”

“Anatia majani ndani.”

Kisha nikamsikia akikiuliza kigoda, kwa uchungu, kama kuna kitu chochote alichoumba Mungu ambacho mkamwana huyu hakitumii. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisisikike nikicheka. Alifikiri. Katika ujana wake alikuwa mpagazi, aliwahi kufika mpaka Ziwa Nyasa, na huko aliona kile chombo kikubwa cha chuma kinachobeba watu na mizigo juu ya ziwa. Akaona kwamba juu ya milima ya Poroto chombo kile hakitafika hata siku ya mwisho. Akajipa jina lake. Liandike hapo wewe, mjukuu wangu (Meli). Mkono ni wako, kinywa si changu. Mimi mpaka leo nikilazimika kukitaja nasema chombo cha chuma.

Mama mkwe akatamka, “Nimesikia.” Basi jina likahama.

Nikatoka upande wa nyuma, nikapanda juu ya jiwe la babu yako nikiwa nimeupa mgongo ukuta wa wanaume. Nikausalimia mlima, nikaomba radhi kwa wazazi wangu, nikafumba macho, nikaita, “Amisi.”

Mlima uliguna mpaka jiwe likacheza chini ya nyayo zangu. Maji yalikuja kwa nguvu ambayo babu yako hakuwahi kuipata, yakapita penye mianzi iliyopasuka na isiyopasuka, yakajaza bwawa la wanaume, yakajaza la wanawake, yakafurika mpaka njiani. Nilipoza, nikapima kwa kiwiko, nikatia majani mara mbili ya kawaida, nikampitishia mama mkwe kila kitu kupitia tundu la matete. Kisha nikaketi nyuma ya ukuta nikisikiliza. Kwanza nilisikia mzee akiguna. Halafu akaanza kuimba wimbo wa wapagazi, vibaya mno, kuliko hata yule dereva.

Babu yako alirudi siku chache baadaye, mianzi begani, akanikuta nimesimama juu ya jiwe lake nikiita jina la baba yake kwa sauti kamili. Mianzi ilimdondoka. Alidhani nimerukwa na akili, au nimeamua kumwacha. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekwisha ingia bwawani, akamwambia bila kutoka majini, “Funga mdomo, mwanangu, utaingia mvuke. Baba yako amehama jina.” Alipoelezwa yote alicheka, kisha akakaa juu ya mianzi yake. Tangu siku ile tuliita kwa zamu, na akisafiri mlango haukufungwa.

Mila hatukuitupa. Baba mkwe hakuniona, nami sikumwona. Tulimtengenezea njia yake ya nyuma na siku yake ya kuoga, na alipokuwa anaingia alikisalimia kigoda, akikiuliza watoto wa mtu asiyekuwepo wanaendeleaje. Akishaondoka, nilikwenda kuosha mawe, nikaona nyayo zake za maji. Mwanzoni kulikuwa na wayo mmoja, mburuzo wa mguu wa pili, na kitone cha fimbo pembeni. Mvua zilipoanza, mburuzo ulikuwa umekwisha. Na mahindi yalipokomaa niliinama juu ya mawe nikatafuta kitone cha fimbo, sikukiona. Nilipiga vigelegele peke yangu mlimani, nao mlima ukaguna bila kuitwa.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sitarudia. Vijana wa leo mnanigawanyikia makundi mawili: wanaotupa kila mila kama ganda la ndizi, na wanaozishika huku wamefumba macho. Wote wawili wananichosha. Shika adabu, nyumba isiyo na adabu haina paa. Lakini adabu ni ya mtu, basi mtazame huyo mtu. Ukiona heshima unayompa mzee wako inamwacha na njaa, na baridi au upweke, usiamue peke yako kuivunja, wala usiendelee nayo kwa kujisifu. Nenda kamuulize mwenyewe. Tuma mtu, sema na kigoda, sema na ukuta, lakini uliza. Wazee wana majibu mengi kuliko mnavyodhani. Tunachokosa ni wa kutuuliza. Nawe utakapooa, usishike wewe peke yako neno linaloleta maji nyumbani. Mfundishe mwenzako kuliita.

Mungu akupe mwenzi ambaye mtapokezana kazi bila kuhesabiana. Akupe wakwe wenye kicheko. Mlango wako ufunguliwe kwa waliochoka, na wanaoingia kwa kuburuza mguu watoke wakitembea. Ukiita, uitikiwe. Nimemaliza. Nisomee sasa ulichoandika, nione kama umeniibia neno.