Mfano Bora wa Mama Mifano

Kanisani walimwita Mama Mifano, na jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Siku sita alikuwa fundi cherehani. Ya saba alifundisha akina mama kabla ya ibada. Hakuwa mtu wa kuchambua aya hadi watu wasinzie. Alisimulia. "Bwana mwenyewe alifundisha kwa mifano," alisema, "mimi ni nani hata nijitie kujua zaidi?"

Mifano aliipata kazini. Mwanamke akisimama mbele ya kioo, mikono juu, utepe umemzunguka kifua, ulimi hulegea: mume kahama chumba, mtoto kawa mdokozi, mkwe hamsemeshi. Fundi aliitikia "pole mwenzangu" huku kabana pini mdomoni. Jumapili ilipofika, palikuwa na "mama mmoja wa mbali" ambaye mumewe kahama chumba. Majina hakutaja, na hilo nalo alijisifia. Darasa zima liligeuza shingo, na mwenye habari akabaki kutazama viatu vyake. Waliohamia kwa fundi mwingine aliwaita wagumu wa mioyo.

Mwaka mmoja kwaya ilitaka sare mpya, na kazi akapewa yeye. Binti yake wa pekee, mpiga pasi katika duka la dobi na sauti ya kwanza ya kwaya, alikataa kupimwa.

"Tumia vipimo vya zamani, mama."

"Umenenepa, umekonda, nitajuaje? Inua mikono."

"Nimesema sitaki."

Binti akaona heri aache kwaya. Mama Mifano alipandwa na hasira, na Jumapili akasimulia habari za binti aliyealikwa arusini akakataa kupimwa vazi. Kwani anayekataa kupimwa, alisema, ana analoficha. Akina mama walicheka hadi wakagongeana viganja. Binti alikuwa safu ya nyuma. Hakutoka. Alingoja sala ya mwisho, akaitikia amina.

Miezi saba baadaye alianguka kazini. Hospitalini daktari alimfungua blauzi, akauliza uvimbe ule wa titi una muda gani. Hakuzunguka mbuyu: wamechelewa, lililobaki ni kumpunguzia maumivu.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia Ijumaa, ungenisimulia Jumapili."

Mama alilia, akapiga magoti pale pale sakafuni, akaapa kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake. Binti akamsogezea nafasi kitandani. "Haya, kaa," akasema. Kwa siku tano mama alimwogesha, akamlisha uji, akamsuka nywele, na binti akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia: kwamba anaogopa, kwamba alimpenda mtu na hakuthubutu kumleta nyumbani.

Jumapili mama alikwenda kusali tu. Lakini darasa lilimngoja, na moyo ulikuwa umemjaa. Akajiambia safari hii hamsemi mtu, anajisema mwenyewe. Huko si kusimulia, ni kutubu. "Kulikuwa na mama mmoja," akaanza, na hakubakiza kitu: titi, kiapo, Ijumaa na Jumapili, hata yule mpenzi. Hakuwahi kusimulia vizuri namna ile. Watu walilia kwa kwikwi, wawili wakaokoka hapo hapo, mchungaji akamshika mikono yote miwili. Naye, Mungu amsamehe, aliona raha.

Alikwenda hospitali mbio mbio kumpelekea mwanawe habari ya toba yake. Wanakwaya wawili walikuwa wamemtangulia, sasa wanatoka, macho mekundu. Muuguzi akamzuia mlangoni.

"Wewe usiingie, mama. Ni mgonjwa mwenyewe kasema."

"Mimi si mgeni! Mimi ni mama yake mzazi!"

"Najua. Wageni wanaruhusiwa."

Alikaa kwenye benchi la nje ya mlango siku nne, akimsikia mwanawe akikohoa upande wa pili. Siku ya tano hakusikia kitu.